Mtoto Huyu Naye Apande Bembea

Miongoni mwa barua zilizofika mezani kwetu imo moja ndefu ambayo haiwezi kujibiwa kwa mistari mitatu. Imeandikwa na mama mmoja wa kwetu aishiye Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, afanyaye kazi ya kuwahudumia wazee. Yeye na mumewe wana watoto wawili. Binti ana umri wa miaka 14. Mvulana ana miaka 10, naye ana usonji: husema maneno machache, hupenda treni na maji, huziba masikio king'ora kinapolia, na kusimama katika foleni hawezi kabisa. Mwezi Julai familia nne za Waswahili wa mji huo zimekusudia kufuatana kwa magari hadi Florida, kwenye bustani kubwa ya michezo iliyojengwa na kampuni ya Walt Disney. Wenzake wamemshauri, kwa maneno ya upole, kwamba mvulana abaki kwa shangazi yake. Wifi huyo mwenyewe amekubali kumtunza, akaongeza kwamba fedha za kumnunulia tikiti mtoto asiyejua tofauti ya Florida na Tandika ni fedha za kutupa.

Mama anauliza: ampeleke, ama asimpeleke?

Tunamjibu mapema asije akangoja: ampeleke. Lakini si lazima ampeleke huko, wala kwa namna hiyo, na hili ndilo linalotaka maelezo.

Kwanza tuseme neno juu ya wale wenzake. Si watu wabaya. Aghalabu ushauri wa kumwacha mtoto wa namna hii nyumbani hutolewa na watu wampendao, waliomwona akijitupa chini dukani, au akipiga kelele arusini mpaka wageni wakageuza shingo. Wanataka kumwepusha mama na aibu, na kumwepusha mtoto na taabu. Walakini ushauri wao una kasoro: wanampima mtoto kwa kiwanja, badala ya kukipima kiwanja kwa mtoto. Mtoto apendaye treni na maji hana haja ya kujua Florida iko upande gani wa dunia. Haja yake ni treni na maji. Na hoja ya kwamba akiachwa hataelewa, mama mwenyewe ameijibu bila ya kukusudia, pale anaposema kwamba mtoto huyu akiona begi linafungwa huenda akakaa juu yake. Huyo anaelewa. Na dada yake naye, akiona nduguye anaachwa kila mara magari yanapoondoka, atajifunza somo ambalo hakuna mzazi angelimfundisha kwa kusudi.

Sasa tuje kwenye kiwanja. Kutoka Houston hadi Orlando, Florida, ni zaidi ya kilometa 1,500, safari ya siku mbili kwa gari. Kutoka Houston hadi mji wa San Antonio, katika jimbo lile lile la Texas, ni mwendo wa saa tatu hivi. Na huko San Antonio iko bustani ya michezo iitwayo Morgan's Wonderland, ambayo tangu msingi wake ilijengwa kwa kuwafikiria watoto kama huyu. Tunashangaa kwamba katika barua nzima haikutajwa, japo iko jirani.

Habari za kuanzishwa kwake zafaa kusimuliwa. Gordon Hartman alikuwa mjenzi wa nyumba za kuuza, mtu mwenye mali, na binti yake, Morgan, alizaliwa na ulemavu wa akili na wa viungo. Mwaka 2006 familia hiyo ilikuwa mapumzikoni. Morgan aliwaona watoto wakirushiana mpira katika bwawa la kuogelea la hoteli, akaingia majini ili acheze nao. Kusema nao vizuri hakuweza. Watoto wale hawakumtukana wala hawakumsukuma; walitoka tu majini, wakaenda zao, akabaki peke yake. Baba na mama walitafuta mahali pa kumpeleka ambapo wenye ulemavu na wasio na ulemavu wangecheza pamoja, wasipaone. Ndipo Hartman, ambaye alikuwa amekwisha kuuza kampuni zake za ujenzi, alipoamua kupajenga. Aliwaita madaktari, walimu, wazazi na wenye ulemavu wenyewe, akawauliza kinachotakiwa. Bustani ilifunguliwa mwaka 2010, juu ya ekari 25 za machimbo ya mawe yaliyokuwa yameachwa, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 30.

Mwenye ulemavu huingia bila malipo. Wanaofuatana naye hulipa. Ndani yake ipo treni ambayo kiti cha magurudumu hupanda bila mtu kubebwa. Zipo bembea zenye jukwaa, ambazo mtoto husukumwa juu yake na kiti chake, kikafungwa, naye akabembea kama wenzake. Lipo gurudumu kubwa la kupandia angani, na lile duara la wanyama wa sanamu linalozunguka huku wanyama wakipanda na kushuka. Na wageni huvishwa kikuku chenye alama ya kielektroniki, ili mtoto akipotea watu wake waweze kujua yuko upande gani wa bustani. Jambo hili si la mapambo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji, baada ya kutimiza miaka minne, walikwisha kujaribu angalau mara moja kuwatoroka walezi wao. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo hapumziki hata akiwa mapumzikoni. Jicho lake moja halitoki mlangoni.

Mwaka 2017 kando yake palifunguliwa bustani ya maji, iliyogharimu dola milioni 17. Viti vya magurudumu viendavyo kwa umeme havifai kuloweshwa. Kwa hiyo, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kilitengenezwa kiti kinachokwenda kwa nguvu ya upepo ulioshindiliwa katika mitungi, ambacho hujazwa kwa muda wa dakika kumi hivi na kuingia majini bila ya hofu. Sehemu nyingine za maji hutiwa uvuguvugu, maana baridi huwakaza misuli watu wenye maradhi fulani. Mvulana wetu apendaye maji hahitaji kiti hicho. Lakini atakuwa mahali ambapo mtu aliyekaa katika kiti hicho si kioja cha kutazamwa, na hapo hata yeye akiziba masikio na kupiga kelele hatakuwa kioja.

Tunapenda hasa habari moja ya bustani hii. Morgan, ambaye bustani ina jina lake, aliliogopa lile duara la wanyama. Hakuelewa kwa nini linazunguka, wala kwa nini wanyama wanapanda na kushuka. Baba yake hakumnyanyua akamweka juu kwa nguvu. Kwanza walikwenda wakasimama karibu. Baadaye alikaa juu ya mnyama, na mwendeshaji akaombwa asiwashe mtambo. Hatua kwa hatua hivyo, ikachukua miaka mitatu mpaka alipozunguka, na baada ya hapo akalipenda. Miaka mitatu, na kiwanja chenyewe ni cha baba yake! Mzazi anayetaka mtoto wake afurahi kabla ya saa sita mchana kwa sababu tikiti ni ghali, na aikumbuke miaka hiyo mitatu.

Hata hivyo tusiipambe bustani hii kupita kiasi. Mwaka 2017 mwenyewe alieleza kwamba kila mwaka hupata hasara ya zaidi ya dola milioni moja, ambayo hufidiwa na wafadhili. Yaani inaishi kwa hisani. Nasi tunajiuliza, je, haki ya mtoto kucheza ingoje mpaka tajiri mmoja azae mtoto mlemavu? Upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, na ibara yake ya 30 inataja waziwazi haki ya watoto wenye ulemavu kushiriki katika michezo na burudani sawa na wenzao. Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Marekani iliutia saini mwaka huo huo, lakini Baraza la Seneti likashindwa kuuridhia mwaka 2012; wao hutegemea sheria yao ya mwaka 1990. Basi msomaji aliye hapa nyumbani, safari ijayo atakapowapeleka watoto kwenye uwanja wa kufurahishia watoto wa Kariakoo, Unguja, au kwenye bembea za sikukuu popote pale, na azitazame bembea hizo kwa jicho la mtoto aliye katika kiti cha magurudumu. Bembea ya jukwaa si chombo cha kuagizwa ng'ambo. Fundi wa kuchomelea wa Gerezani, akipewa vipimo na vyuma madhubuti, ataiunda.

Turudi kwa mama wa Houston, maana binti yake bado analia Florida. Hatumlaumu, umri wa miaka 14 ni umri wa kutaka kwenda waendako wenzako. Walt Disney World ilifunguliwa mwaka 1971, ina bustani nne za michezo juu ya eneo la zaidi ya kilometa za mraba 100, na tatizo lake kubwa kwa mtoto mwenye usonji ni foleni. Mtu ambaye hajamlea mtoto wa namna hii huona kuwa foleni ni suala la subira, na subira ni suala la malezi. Sivyo. Kwa wengi wa watoto hawa sauti zote huingia masikioni kwa nguvu moja: mtoto analia nyuma, muziki juu, mtambo unanguruma mbele, na hakuna kichujio cha kuzipunguza. Neno "bado kidogo" halina umbo. Kidogo ni kiasi gani? Na mwili wa mgeni unamgusa mbele na nyuma. Mtoto anapolipuka baada ya dakika 20 za hali hiyo, si mtundu. Amevumilia dakika 19.

Zamani kampuni ilikuwa ikitoa kadi maalumu kwa wageni wenye ulemavu, nayo mara nyingi iliwapitisha mlango wa pembeni. Mwaka 2013 magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba matajiri walikuwa wakiwakodi watu wenye ulemavu wafuatane nao, ili familia zao zisipange foleni. Kampuni ikaifuta kadi hiyo mwaka huo huo, ikaleta utaratibu mpya: mtoto haingii mara moja, bali hupewa saa ya kurudi, kadiri foleni ilivyo ndefu, naye akangojee mahali pengine. Wazazi kadhaa walikwenda mahakamani. Katika kesi moja, ya kijana mwenye usonji, jaji wa huko Florida aliamua mwaka 2020 upande wa kampuni. Mwaka 2024 masharti yalikazwa tena, na utaratibu huo ukaelekezwa hasa kwa wale ambao, kwa sababu ya usonji au ulemavu mwingine wa ukuaji unaofanana nao, hawawezi kungoja kwa muda mrefu katika foleni ya kawaida. Wenye maradhi mengine wengi waliokuwa wakiutumia walijikuta nje, wakalalamika.

Mvulana wetu, kwa hali aliyoieleza mama, ni miongoni mwa wale ambao utaratibu huo umekusudiwa. Lakini mama na ajue jinsi unavyoombwa. Mzazi huzungumza na mtumishi wa kampuni kwa njia ya video, akaeleza ni kwa nini mwanawe hawezi kungoja, na mtoto mwenyewe hutakiwa awepo. Maana yake ni kwamba mama atamwambia mgeni asiyemjua udhaifu wote wa mwanawe, mmoja baada ya mwingine, na mwanawe ameketi ubavuni akisikia. Maneno machache anayoyasema si kipimo cha maneno anayoyaelewa. Tunamshauri amwambie kwanza mtoto, siku moja kabla: "Kesho nitamweleza mtu kwamba foleni inakuumiza, ili atusaidie." Kisha mbele ya mtumishi aseme hivyo hivyo, foleni inamuumiza na kelele inamuumiza, wala asiseme kwamba mtoto huyu ni msumbufu.

Walaghai waliokodi watu wenye ulemavu ndio waliomfikisha mama huyu mbele ya video. Hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba pale San Antonio haulizwi mtu swali hilo, kwa kuwa kiwanja hakikujengwa kwanza kwa wazima kisha kikatafutiwa mlango wa pembeni.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Familia iende San Antonio kwanza, peke yake, mwisho wa juma mmoja mapema kuliko safari ya wenzao. Bustani haifunguliwi kila siku ya mwaka, basi waulize siku na saa kabla ya kuondoka. Huko watajua mengi juu ya mtoto wao: anavumilia nini, kwa muda gani, na anapochoka huanza kwa dalili ipi. Wakiwa na elimu hiyo ndipo waamue juu ya Florida. Yamkini wataona kwamba baba aende huko na binti pamoja na zile familia tatu, na mama na mvulana warudi tena San Antonio, kwa hiari yao na wakiwa na tikiti zao. Huko si kuachwa nyumbani. Na wakienda wote Florida, wakumbuke kwamba bustani hizo kubwa huwaruhusu wazazi kupokezana: mmoja hupanda mtambo na binti huku mwenzake akikaa na mvulana, kisha wa pili naye hupanda bila kuanza foleni upya. Binti ana haki ya kuwa na siku yake. Dada wa mtoto mwenye ulemavu husifiwa sana kwa uvumilivu wake, mpaka watu wakasahau kwamba naye ni mtoto.

Maandalizi yaanze sasa. Mtoto aonyeshwe picha za lango, za treni, za mahali pa kula na za choo, zibandikwe katika daftari kwa utaratibu ule ule wa siku yenyewe, na picha ya mwisho iwe ya gari likirudi nyumbani. Mtoto akijua mwisho uko wapi, katikati humtisha kidogo zaidi. Kungoja kufanyiwe mazoezi dukani, kwa saa yenye kengele: dakika moja wiki hii, dakika tatu wiki ijayo, na kila mara kengele ikilia ahadi itimizwe pale pale. Walio hapa Dar es Salaam wanaweza kufanya vivyo hivyo katika kituo cha mwendokasi, saa ambayo si ya msongamano. Vifuniko vya masikio kama vile vya mafundi wa viwandani vinunuliwe mapema, avizoee nyumbani. Mfukoni mwake, au ndani ya ukosi wa shati, iwekwe karatasi yenye namba ya simu ya mama.

Bustani kadhaa za Marekani hutoa mwongozo unaotaja kila mchezo na kiasi cha kelele, mwanga, harufu na mguso uliomo, kwa alama za 1 hadi 10. Sesame Place ya Pennsylvania ndiyo iliyokuwa bustani ya michezo ya kwanza kupata cheti cha kuhudumia wenye usonji, mwaka 2018, nayo ina mwongozo wa namna hiyo. Pale ambapo mwongozo haupo, mzazi anaweza kutengeneza wake: apite mtu mzima mmoja kwanza, asikilize, arudi aseme.

Julai ya Texas ni joto la digrii 35 na zaidi. Basi wafike lango linapofunguliwa, na waondoke kabla ya mtoto kuchoka, si baada yake. Michezo mitatu inatosha. Akitaka kupanda treni mara saba na asitazame kingine chochote, apande treni mara saba.

Watu watamtazama, hasa huko Florida. Mama anasema macho ya watu ndiyo yanayomvunja nguvu kuliko kelele za mtoto. Hatuna dawa ya macho ya watu. Tunachojua ni kwamba sentensi moja fupi, iliyokaririwa mapema, husaidia kuliko maelezo marefu au hasira: "Ana usonji, kelele zinamuumiza, atatulia." Kisha amgeukie mtoto, wala asingoje jibu la mtu.

Na katika mstari wa mwisho wa barua anauliza: je, wakifika San Antonio, wamekwisha kulipa, na mtoto akakataa kuingia langoni? Basi baba na binti waingie. Mama na mvulana wakae nje kivulini, wale walichokuja nacho, walitazame lango na watu wanaoingia na kutoka. Baada ya nusu saa amwulize tena, mara moja tu. Akikataa, warudi garini, na walale mjini humo. Kesho asubuhi wajaribu tena, wakianzia pale pale kivulini.